Nguo za mazoezi Dodoma: nimezipanga kuanzia ya kununua hadi ya kuacha

Taiti yangu ya kwanza niliinunua kwa shilingi 25,000 katika duka moja la mjini lenye vioo vitatu na taa kali. Dukani ilikuwa nyeusi tii. Jumamosi iliyofuata, kwenye mazoezi ya kikundi alfajiri, mwalimu akatuambia tuchuchumae. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu akaacha mstari, akaja kunifunga kanga yake kiunoni bila kusema neno. Nikamaliza mazoezi na kanga. Kumbe kitambaa kile kikivutwa kinageuka chandarua.

Tangu siku hiyo sinunui nguo ya mazoezi kwa kuitazama tu. Naivuta, naigeuza nje ndani, nainusa, kisha najiuliza: ikishapita kwenye beseni mara ishirini, kwa maji yetu haya, itabaki nguo? Mpangilio huu wote umetokana na swali hilo. Bei ninazotaja ni nilizolipa au kutajiwa mwenyewe, kwa hiyo ukijua kupatana utashuka zaidi.

Kabla ya mpangilio, tuelewane kuhusu Dodoma

Ushauri mwingi wa nguo za mazoezi unaozunguka kwenye simu zetu umeandikwa kwa ajili ya watu wa mahali penye unyevu. Sisi tuko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na mvua tunaiona kati ya Desemba na Aprili, tena kwa kubahatisha. Miezi iliyobaki hewa ni kavu. Juni hadi Agosti ukitoka saa kumi na mbili asubuhi upepo unakukata masikio, lakini saa nne jua lishakuwa kali. Oktoba na Novemba hata saa kumi jioni bado joto linazidi nyuzi 30.

Maana yake ni kwamba pamba, ambayo watu wa Dar wanaikimbia kwa haki kabisa kwa sababu kwao haikauki, hapa si adui. Kama mazoezi yako ni kutembea kutoka Area D hadi Nyerere Square na kurudi, fulana ya pamba uliyonayo kabatini inatosha, usinunue kitu. Pamba inaanza kukusumbua ukikimbia zaidi ya nusu saa. Inakunywa jasho, inakuwa nzito, inasugua ngozi, na upepo wa Julai ukiipiga ikiwa imelowa, baridi inaingia hadi kifuani. Poliesta hainywi. Jasho linasambaa juu ya nyuzi zake na kukauka upesi. Ubaya wake ni kushika mafuta ya mwili. Ndiyo maana fulana ya poliesta unaweza kuitoa kwenye kamba ikinukia sabuni, ukaivaa, mwili ukapata joto, na harufu ya wiki iliyopita ikarudi yote.

Halafu kuna maji. Wanaotumia maji ya kisima wanajua: ni ya chumvi, sabuni haitoi povu, unaongeza unga, unaongeza tena, na sehemu ya unga ule inabaki kwenye nyuzi. Baada ya miezi miwili nguo inakakamaa kama karatasi na haipitishi jasho tena. Tunalaumu nguo wakati kosa ni la beseni. Unga kidogo, suuza mara mbili, na kama una maji ya mvua uliyokinga, suuzia hayo ya mwisho.

Namba moja: mtumba, lakini uchague kama unachambua mchele

Najua wapo watakaonuna. Ila fikiria hivi: nguo mpya hujui itakuwaje baada ya kufuliwa mara ishirini, ya mtumba imeshafuliwa. Mtihani wa beseni iliufanya kabla hujakutana nayo, na matokeo yameandikwa kwenye kitambaa. Kazi yako ni kuyasoma tu.

Nenda soko la Sabasaba au la Majengo, muulize muuzaji anafungua robota siku gani, na siku hiyo fika asubuhi. Taiti igeuze nje ndani uangalie katikati ya mapaja. Ukiona vipele vya nyuzi vimejaa, iache. Vuta kiuno kwa mikono miwili ukiweka sikio karibu. Ukisikia mlio kama wa majani makavu, lastiki imekufa, na hakuna fundi atakayeifufua bila kufumua kiuno kizima. Kisha angalia magotini na makalioni kama kuna vinyuzi vyeupe vilivyochomoza kama minyoo midogo. Hiyo ni spandeksi, nyuzi zinazovutika kama mpira, iliyokatika, na nguo hiyo kila ukiivaa itazidi kulegea.

Lebo ikiwepo, isome. Taiti nzuri ina spandeksi (wengine huandika elastane, wengine Lycra, ni kitu kilekile) kuanzia asilimia 15 hivi kwenda juu. Ikiwa chini ya 10, magoti yatatoa matuta kabla ya mwezi. Lakini namba ya saizi usiiamini. L iliyotoka Marekani inaweza kuwameza watu wawili wa Kizota. Ijaribu juu ya sketi au suruali uliyovaa, wauzaji wamezoea.

Fulana nimezinunua kwa 3,000 hadi 5,000, taiti kwa 5,000 hadi 10,000. Ila hazina halisi ya mtumba ni jaketi jepesi la upepo, kwa 8,000 hadi 15,000. Kwenye maduka mapya ya hapa sijawahi kupata la kulifikia. Linakunjika likawa dogo kama chapati, unalifunga kiunoni jua likitoka. Kagua zipu mara tatu, kwa sababu zipu mpya na kazi ya fundi vinaweza kukugharimu nusu ya bei ya jaketi.

Harufu ya mtumba inatoka. Loweka usiku kucha kwenye maji yenye siki nusu kikombe, asubuhi fua kawaida. Jiki usiiguse kabisa, inakula spandeksi. Na jua letu la saa saba nalo ni jiki nyingine, kwa hiyo anika kivulini, au geuza nje ndani. Kwa upepo huu itakauka tu.

Kitu ambacho hakiruhusiwi hapa namba moja: nguo za ndani

Sidiria ya michezo nunua mpya, hata kama vingine vyote ni vya mtumba. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) lilishapiga marufuku nguo za ndani za mitumba, sidiria zikiwemo, na ingawa utaziona zimetandazwa chini, kwa hili nakubaliana na serikali. Mbali na usafi, sidiria hufa lastiki kwanza, na lastiki ndiyo kazi yake yote.

Dada zangu, uzito wa kifua unabebwa na mkanda wa chini, mikanda ya mabegani ni ya kusaidia tu. Mkanda wa chini upitishe vidole viwili, visizidi. Ruka mara tano hapohapo dukani, na muuzaji akicheka mwache acheke. Mwenye kifua kikubwa atafute yenye vikombe viwili vilivyotengana badala ya ile inayobana vyote pamoja. Mimi nililipa 15,000, na katika hesabu yangu yote hiyo ndiyo pesa ambayo sijaijutia.

Kwa akina kaka, kitu kama hicho ni bukta ya ndani ya kubana, inayofika katikati ya paja. Mapaja yakisuguana kilomita tano kwenye vumbi na jasho, utatembea kama mtu aliyeshuka kwenye punda. Mafuta ya mgando kabla ya kutoka nayo husaidia.

Namba mbili: fundi cherehani

Huyu watu wanamsahau. Kitambaa cha traksuti kinauzwa kwa mita mjini, na fundi mzuri atakushonea suruali pana kidogo na shati refu linalofunika makalio, kwa kipimo chako. Kwa wanaovaa hijabu, au mtu yeyote asiyetaka mwili wake ujadiliwe kijiweni, hakuna chaguo lingine linalofikia hili. Yangu ilinigharimu kama 30,000, kitambaa na ushonaji. Ina mwaka wa pili. Magoti yalipochakaa fundi aliweka viraka vya rangi nyingine, na sasa watu wanadhani ni mtindo.

Sharti ni moja, muulize kama ana ovaloki, mashine ya kushona mshono unaovutika pamoja na kitambaa. Mshono wa kawaida wa cherehani ya miguu haunyumbuki. Ukichuchumaa kitambaa kinavutika, uzi hauvutiki, na unausikia ukikatika. Kwa sababu hiyohiyo usimpelekee kazi ya taiti.

Namba tatu: mpya zisizo na jina

Hizi ndizo zimejaa madukani, za kutoka China, 15,000 hadi 30,000 kwa taiti au seti. Nzuri zipo, mbovu zipo, na zinaning'inia kwenye kamba moja. Ndipo nilipopatikana mimi na kanga yangu.

Ingiza ngumi ndani ya kitambaa, kivute, kisha washa tochi ya simu kwa nyuma. Ukihesabu vidole, usinunue. Lowesha kona kidogo, sugua na leso nyeupe. Leso ikibadilika rangi, nguo zako zote kwenye beseni zitabadilika. Vuta mshono wa katikati ya miguu uone kama nyuzi zinaachiana. Dakika tatu hazizidi.

Rangi nayo ichague ukikumbuka udongo. Nyeupe hapa ni ya siku moja. Nyeusi inaonyesha vumbi jekundu kuliko unavyodhani, na mchana inavuta joto. Hudhurungi, damu ya mzee na kijani cha jeshi kilichopauka vinakaa vizuri na udongo wetu. Mimi nina taiti ya rangi ya ugoro ambayo wenzangu waliicheka, ila hakuna anayejua ilifuliwa lini.

Namba nne: zenye chapa, za halali

Ubora upo, sibishani. Nyingi zina mishono bapa isiyochubua ngozi, na kiuno kinachokaa. Lakini fulana moja ya 80,000 na zaidi, kwa mtu anayekimbia mara tatu kwa wiki Ilazo, haimpi kitu ambacho mtumba wa 5,000 hautampa. Tangu Alphonce Simbu, kijana wa hapo jirani Singida, ashinde marathoni ya dunia Tokyo Septemba 2025 kwa tofauti ya sekunde 0.03, kwenye kikundi chetu naona watu wanatafuta singlendi za wanariadha. Furaha naielewa, mimi mwenyewe nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Ila kwa mtu anayekimbia kwa saa 2 na dakika 9, sekunde 0.03 zina maana. Sisi ambao tunasimama njiani kununua karanga, pesa hiyo tuiweke kwenye raba.

Namba tano: feki zenye nembo kubwa

Acha. Nembo ya mpira iliyobandikwa kifuani haipitishi hewa, kwa hiyo jasho linakusanyika chini yake, na kwa jua la hapa inaanza kubanduka mapema. Jezi za mpira wa miguu za kuchapisha nazo zimo humu. Kwenda nayo uwanja wa Jamhuri ni sawa, kukimbia nayo ni mateso.

Kuvaa nje ya mazoezi

Suruali ya traksuti ya fundi inakwenda popote, sokoni, kanisani kusafisha, safari ya treni. Taiti inahitaji kitu juu yake, shati refu au dera jepesi, si kwa sababu nataka kumhukumu mtu, ila kupanda bodaboda na taiti peke yake kunaleta maneno ambayo asubuhi huyahitaji. Na kama una shida ya kufuatilia ofisi za serikali kule Mtumba, Mji wa Serikali, usijaribu kupitiliza kutoka mazoezini. Ukiwa na nguo za kubana au bukta safari yako inaweza kuishia getini, na nauli umeshaitumia. Mimi kwenye begi sikosi kanga. Ile ya yule mama nilimrudishia Jumatatu yake, nimeifua na kuipiga pasi, akaniambia tu, "Mwanangu, safari nyingine ivute kwanza."

Kama una 50,000 na unaanza sifuri, mimi ningeigawa hivi: sidiria mpya 15,000, taiti ya mtumba 8,000, fulana mbili za mtumba 8,000, jaketi la upepo 12,000, soksi mpya pea mbili 3,000. Zinabaki 4,000. Elfu mbili mpe fundi akushonee kimfuko cha ufunguo upande wa ndani wa kiuno, na elfu mbili nunua siki.