Hema la watu wawili juu ya pikipiki: siku tisa kuzunguka kisiwa

Nianze na tundu, maana kila anayeliona hema langu huanza nalo. Liko kwenye mfuko wake, ukubwa wa kidole gumba, na lina mdogo wake kwenye kitambaa cha nje. Si mwiba, si panya. Ni ekzosi.

Hema ni la watu wawili, lina nguzo mbili za alumini zinazopishana juu. Lebo inasema kilo 2.6, mzani wangu ukasema 2.9, kwa sababu mimi nilipima na vigingi, kamba na mifuko, navyo havijibebi vyenyewe. Hizo gramu 300 nawasamehe. Nisichowasamehe ni urefu: likikunjwa lina sentimita 52. Anayetembea kwa miguu hulitia mgongoni likasimama wima, hajui hata kuna tatizo. Mimi begi zangu za pembeni zina nafasi ya sentimita 40, kwa hiyo hema likalazwa kukingama nyuma ya kiti, limetokeza huku na huku. Siku ya tatu, kwenye barabara ya vumbi yenye matuta, likawa linasogea kidogokidogo kuelekea kulia. Nikasikia harufu ya kuungua nikadhani ni klachi. Nikapunguza mwendo, nikaihurumia klachi kwa kilomita nzima, kumbe kinachoungua ni nyumba yangu.

Kosa la kufunga ni langu, sikatai. Lakini nguzo zingekatwa vipande vifupi zaidi, mzigo wote ungeingia begini na hadithi hii isingekuwepo. Kesho yake nilitenganisha: kitambaa nikakishindilia begini kama nguo chafu, nguzo nikazifunga peke yake ubavuni, upande usio na ekzosi. Tangu hapo hazikusogea. Kama unalo hema la namna hii, usilibebe jinsi lilivyotoka dukani.

Sasa sifa, kwa sababu linastahili. Usiku wa nne mvua ilianza wakati wa kulala na haikukatika hadi alfajiri. Kitambaa cha nje kimeandikwa milimita 3,000, yaani kinazuia shinikizo la safu ya maji ya kimo hicho kabla hakijapenyeza, na sakafu milimita 5,000. Sakafu inahitaji zaidi kwa sababu ukipiga goti juu ya ardhi iliyolowa, goti linasukuma maji kwa nguvu kuliko tone lolote la mvua. Nilipiga magoti kila kona kutafuta unyevu, nikaukosa. Kile kitundu cha ekzosi nilikuwa nimekiziba kwa kiraka cha gundi kilichokuja na hema, nacho hakikuvuja.

Tatizo la mvua ni wakati wa kulisimamisha. Hili ni lile linaloanza na chumba cha ndani, ambacho nusu yake ni neti, ndipo kifuniko kije juu. Mvua ikikukuta katikati, unatandika kitanda ndani ya karai. Usiku ule nilitupa kifuniko cha nje juu ya kila kitu, nikaingia chini yake kama fundi aliyelala chini ya gari, nikachomeka nguzo kwa kupapasa. Dakika kumi na tano za matusi, lakini ndani palibaki pakavu. Nikibadilisha hema, nitatafuta linaloanza na kitambaa cha nje.

Jambo jingine lililonitia wasiwasi ni matone asubuhi, hata siku zisizo na mvua. Hayo si kuvuja. Ni pumzi yako mwenyewe na unyevu wa bahari vinavyogeuka maji kwenye kitambaa kilichopoa. Vidirisha vya hewa viwili havitoshi. Niliacha zipu ya mlango wazi kwa juu, upana wa kiganja, matone yakapungua.

Vigingi ni aibu. Kumi na viwili, vyembamba kama sindano za kushonea magunia. Kwenye udongo vinashika, kwenye mchanga vinang'oka kama jino la mtoto. Nilijaza soksi mchanga, nikazifunga kamba za hema, nikazifukia kina cha mkono hadi kiwiko. Soksi sita. Upepo haukuning'oa tena, ila siku mbili nilivaa viatu bila soksi, na buti za pikipiki hazisamehe.

Na upepo wenyewe una tabia. Mchana unatoka baharini, usiku unageuka na kutoka nchi kavu, kwa kuwa ardhi hupoa haraka kuliko maji. Usiku wa kwanza nilielekeza mgongo mwembamba wa hema baharini nikajiona mjanja. Baada ya saa sita ukanipiga kutoka nyuma, nguzo zikapinda hadi kitambaa kikanigusa pua. Hazikuvunjika, na hilo naliandika kwa heshima. Baadaye nikawa nalisimamisha juu ya mstari wa mwani unaoachwa na maji yakijaa. Ikiwa mwezi ni mpevu au mwandamo, panda juu zaidi. Bamvua, yaani maji kujaa kuliko kawaida, haiheshimu mstari wa jana.

Ikiwa pikipiki yako ina stendi ya kushoto kama yangu, iegeshe ubavu wake wa kulia ukielekea hema. Stendi ikizama mchangani, chuma kitaangukia kushoto, mbali na kichwa chako. Weka na jiwe bapa chini ya stendi.

Nafasi ya "watu wawili" ni ya mtu mmoja, jaketi lake na helmeti. Kibaraza kinameza buti na begi moja, la pili hapana. Nina sentimita 178 na nakaa wima bila kugusa juu, anasa ambayo hema langu la zamani halikunipa.

Siku ya saba zipu ya neti ilianza kukwama. Ni chumvi. Nikaiosha kwa maji baridi ya chupa, nikaipitisha mshumaa, ikarudi. Kufika nyumbani nililiosha hema lote na kulianika kivulini, maana jua kali hula nailoni taratibu.

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Nusu iliyokatwa ni ya vigingi, moja nzima ni ya sentimita 52. Nimeshanunua vigingi vipana vya mchanga, na soksi zimerudi kazini kwake.