Hema la kuoteshea miche ndani: lipi ununue ukiwa Dodoma

Watu wakitaka kununua hema la kuoteshea ndani swali la kwanza huwa ni taa, taa gani kali, wati ngapi, na mimi nawarudisha kwenye trei kwanza. Trei ya miche ya kawaida, zile nyeusi za matundu 128 au 200, ina urefu kama sentimita 54 na upana 28. Hizo namba mbili ndo zinaamua hema lipi linakufaa na lipi unapigwa hela bure, ila wauzaji hawakwambii, wao wanauza kwa ukubwa tu, kubwa bei kubwa basi.

Kwa ambaye hajawahi kuliona, ni fremu ya mabomba ya chuma inavalishwa kitambaa kizito cheusi, ndani kinang'aa kwa ajili ya kurudisha mwanga kwa mimea, kuna mlango wa zipu, juu pembeni kuna mikono ya kitambaa ya kupitishia feni na nyaya, na chini kuna madirisha ya neti. Nazungumzia nyanya, hoho, kabichi, stroberi, giligilani, mboga za majani za nyumbani. Najua mtandaoni mahema haya yanatangazwa na picha za bangi, hapa kwetu hiyo ni kesi, tuiache hapo hapo.

Na niseme mapema, kama una uwanja wako Nzuguni au Miyuji huko, usinunue hema. Jua la Dodoma ni la bure na lipo karibu mwaka mzima, nunua neti ya kivuli na neti ya wadudu, simamisha nguzo, umemaliza. Hema ni la mtu aliyepanga vyumba viwili Area C au Ilazo, hana hata mita mbili za ardhi, au anaotesha miche ya kuuza na amechoka kuhangaika na upepo wa Agosti na Septemba unaokausha trei asubuhi ukirudi mchana zimebaki vumbi tupu, na kantangaze, yule mdudu wa nyanya, anaingia kila mahali. Faida kubwa ya hema kwa mazingira yetu ni kukulindia unyevu na kuzuia vumbi na wadudu. Joto tunalo la kutosha tayari. Kwa hiyo weka hela kwenye kitambaa na feni, taa ije baadae.

Haya, kuanzia la kwanza.

Namba moja: sentimita 120 kwa 60, urefu wa kwenda juu 150 au 180. Hili ndo ninalompendekezea karibu kila mtu. Trei nne zinakaa zimepangana bega kwa bega, nne mara 28 ni 112, na kina cha 54 kinaingia kwenye 60 bila kubana. Ukitumia trei za matundu 128 hiyo ni miche 512 kwa mkupuo mmoja, na hema lenyewe linasimama ukutani kwenye korido watu wanapita kawaida. Kuna dada anaotesha hoho Nkuhungu analo la hivi nyuma ya mlango wa sebule na wageni wanakaa wanakunywa chai hawajui kuna nini mle. Taa ya LED ya wati 100 iliyo ndefu, au mbili ndogo zimeachana, inatosha kabisa kwa miche. Taa moja ya mraba katikati hapana, trei za pembeni zitarefuka shingo zikitafuta mwanga.

Namba mbili: 60 kwa 60, urefu 140. Trei mbili zinaingia kama zimepimiwa, 56 kwa 54. Wati 50 zinatosha. Kwa mtu wa mboga za nyumbani na viungo, au anayetaka kujifunza kwanza, ni hili. Kasoro yake ni kwamba hema dogo hubadilika joto haraka, ukisahau feni mchana wa Oktoba au Novemba miche inaiva mle ndani.

Namba tatu: la kuchongesha kwa fundi. Wengi wanalidharau ila mimi naliweka juu ya mahema mengi ya dukani. Mpe fundi wa kuchomelea vipimo vya ndani 120 kwa 60, tumia bomba za mraba nyembamba, alafu vaa turubai ambalo ndani ni jeupe. Weupe usiong'aa unarudisha mwanga vizuri tu, usidanganywe kwamba lazima iwe ile ya kung'aa. Linabeba uzito kuliko la dukani na likiharibika fundi yupo mtaani. Shida ni mlango, zipu ndefu ya kushonea turubai inataka fundi viatu au fundi mahema mzuri, wengine wanaweka velkro na inafaa. Kuhama nalo pia ni kazi, halikunjiki.

Namba nne: 100 kwa 100, urefu 200. Ni zuri kwa anayetaka kukuza nyanya mpaka izae humo humo kwenye ndoo. Kwa miche linakula nafasi bure, trei zinazoingia ni nne tu, tatu wima na moja ya kulala, yani sawa na lile la kwanza ila limechukua sakafu zaidi kwa kama asilimia 40 na linadai taa kubwa zaidi.

Namba tano: 80 kwa 80. Hili ndo linauzwa sana na ndo silipendi. Upana 80, trei tatu zinataka 84. Sentimita nne tu! Unabaki na trei mbili kama kwenye la 60 na pembeni pamebaki pengo unalolimulika kwa hela yako. Kama utatumia makopo na sio trei, sawa, linafaa.

La mwisho: 120 kwa 120. Trei nane zinaingia, sikatai, lakini sasa tuongee LUKU.

Hesabu ni hii. Taa ikiwaka saa 14 kwa siku, wati 100 inakula unit 1.4, kwa mwezi unit 42. Wati 50 ni unit 21. Hema la 120 kwa 120 wengi wanaliwekea wati 400, hiyo ni unit 168 kwa mwezi, na ukinunua umeme wa nyumbani wa kawaida ambao unit moja inakuja kama shilingi 350 na kitu ukijumlisha kodi, ni kama elfu 60 kila mwezi taa peke yake. Na wale mlio tarifu 4, umeme wenu wa bei nafuu una kikomo cha unit 75 kwa mwezi, friji na pasi zimo humo, ukiongeza hema la unit 42 na feni ya inchi 4 inayokula wati 25 hadi 30 usiku na mchana, ambayo ni kama unit 20, kikomo umekipita. Kama mita ni ya kushare na wapangaji wenzako ongea nao kabla hujawasha, hiyo kesi ikianza haiishi.

Taa washa usiku. Saa 12 jioni mpaka saa 2 asubuhi, weka taima ifanye yenyewe. Nyumba zetu za bati mchana zina joto tayari na taa inaongeza nyuzi tatu mpaka tano, wakati usiku wa Dodoma unapoa vizuri, Juni na Julai ni baridi kabisa, kwa hiyo taa inakusaidia kupasha. Unalenga nyuzi 20 hadi 28 na unyevu asilimia 65 hadi 75 kwa miche michanga. Kile kipimo kidogo cha joto na unyevu ni cha bei ndogo, nunua viwili.

Kwenye kununua kwenyewe, mengi yanatoka Kariakoo au yanaagizwa China yanakuja na basi au lori, kwa hiyo kabla hujatuma hela omba video sio picha. Mwambie muuzaji afungue zipu na kuifunga yote mara mbili, asimamishe kamera kwenye kona. Kona ziwe za chuma, za plastiki zinapasuka ukibana kidogo. Kitambaa uliza namba yake ya unene wa uzi, 600D ndo ya kukaa nayo, 210D ni nyepesi na inachanika pale pale inapoanzia zipu. Taa na feni soma kibandiko, iandikwe inakubali volti 220 hadi 240, kuna mizigo ya soko la Marekani ya volti 120 na ukiichomeka kwetu inaungua hapo hapo. Na mzigo ukifika stendi hesabu mabomba na kona kwa karatasi ya ndani kabla hujasaini, kona moja ikipungua fremu haisimami.

Kulifunga ni kazi ya watu wawili ingawa wanasema mmoja. Futa sakafu kwanza, kijiwe kidogo kinatoboa. Funga mraba wa chini, simamisha nguzo, funga mraba wa juu, gonga kila bomba kwa kiganja mpaka liingie mwisho, ndo uvalishe kitambaa kutokea chini kwenda juu ukiwa umefungua zipu zote. Kufunga zipu ya kona mmoja ashike vitambaa vikutane, mwingine avute taratibu. Ukivuta zipu ikiwa imetanuka meno yanaachia na hema limekwisha. Nondo za kuning'inizia taa ziwekwe kabla hujaingiza kitu kingine ndani.

Feni ikae juu ikitoa hewa nje, hewa iingie yenyewe kwenye dirisha la neti la chini. Ukiwasha, kuta zinavutika ndani kidogo, hapo ujue iko sawa. Ongeza neti ya wadudu juu ya ile ya hema na uioshe kila wiki, vumbi letu linaziba haraka. Hema la namba moja ni kama mita moja ya ujazo hivi, feni ya inchi 4 iendeshe taratibu, ukiifungulia yote inakausha trei, ukiizima kabisa kinyausi, ule ugonjwa wa kuoza shina, kinaangusha miche kwa usiku mmoja. Waya wa umeme uache uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, maji yakitiririka yadondoke sakafuni.

Maji nayo. Visima vingi vya huku vina chumvi, utaona utando mweupe juu ya kokopiti (yale makapi ya maganda ya nazi ya kuoteshea) na ncha za majani zinaungua. Kinga maji ya mvua ukiweza, au kila baada ya siku kadhaa mwagilia mengi yapite chini yabebe chumvi, kisha yamwage, usiyaache kwenye sinia.

Kabla ya kupanda washa kila kitu trei zikiwa tupu usiku mzima na mchana wake, ukaangalie kipimo saa 8 mchana. Kikizidi 30 fungua mlango mchana uweke neti. Na miche ikiwa tayari usiitoe moja kwa moja juani, itaungua siku hiyo hiyo, ianze kivulini saa moja mbili za asubuhi, uongeze kidogo kidogo kwa wiki nzima ndo iende shambani.