Kuchagua Kipoza cha Mafuta ya Usukani kwa Gari la Mwendo Kasi

Kabla ya kununua chochote, fungua boneti uhakikishe kwamba gari lako lina mafuta ya usukani. Honda S2000 na Toyota 86 husaidiwa na mota ya umeme, hazina pampu wala chupa ya mafuta, na Ford Mustang iliingia kundi hilo kuanzia toleo la mwaka 2011. Mwongozo huu unawahusu wenye magari ya haidroliki, yaani yale ambayo pampu ya usukani huzungushwa na mkanda wa injini, kama vile Nissan 350Z na 370Z, BMW E36 na E46, au Subaru WRX za kabla ya toleo la 2015.

Mkanda huo ndio chanzo cha joto ambalo kipoza hufungwa ili kuliondoa kwenye mafuta. Pampu hutengenezwa iweze kulainisha usukani wakati gari linaegeshwa na injini inazunguka polepole, kwa hiyo injini inapofikia mizunguko 7,000 kwa dakika, pampu husukuma mafuta mengi kuliko yanayohitajika, na vali iliyomo ndani yake huyarudisha ya ziada yazunguke humo humo. Kazi hiyo isiyo na faida hugeuka kuwa joto hata gari likiwa kwenye njia iliyonyooka. Ukikata usukani hadi mwisho na kuushikilia hapo, kama wanavyofanya mara kwa mara wanaoteleza kwa makusudi kwenye kona, vali ya kupunguza shinikizo hufunguka na karibu nguvu yote ya pampu huishia kupasha mafuta moto.

Matokeo yake niliyaona kwenye gari langu mwenyewe. Baada ya mizunguko kadhaa ya uwanja wa mbio, usukani ulianza kuwa mzito kwenye kona za polepole, na pampu ikatoa mlio mwembamba uliopanda na kushuka kila nilipokanyaga mafuta. Nilipofungua boneti nilikuta povu la rangi ya chai limefurika kwenye mfuniko wa chupa, linateremka ubavuni na kudondoka juu ya eksozi, na kila tone lilifuka moshi lilipogusa chuma. Mafuta haya huwaka moto, na tangu siku hiyo sikubaliani na anayesema kipoza ni pambo.

Katika kupanga machaguo nimetanguliza jambo moja ambalo wanunuzi wengi hulisahau: kipoza kiyaache mafuta yapite kwa urahisi. Kipoza hufungwa kwenye hozi inayorudisha mafuta kwenye chupa, ambako shinikizo ni dogo, na kamwe hakifungwi upande wa shinikizo ambako linaweza kupita baa 70. Kikibana mafuta njiani, shinikizo hurudi nyuma hadi kwenye sili za raki, yaani chombo kinachosukuma magurudumu yageuke, nazo huanza kuvuja. Zaidi ya hayo, mfumo mzima mara nyingi hubeba takribani lita 1 tu ya mafuta, na joto lake ni dogo mno likilinganishwa na la injini, kwa hiyo ukubwa wa kipoza si fahari ya kulipia.

Nafasi ya kwanza naipa kipoza cha bomba na mapezi, kile ambacho bomba moja la shaba au alumini hukunjwa mara mbili au nne likipita katikati ya vibati vyembamba. Njia yake ni pana na haina matawi, huvumilia kokoto kuliko aina nyingine, na ni rahisi kukisafisha mafuta yakichafuka. Vipoza vidogo vinavyouzwa kwa ajili ya gia boksi za otomatiki ni vya aina hiyo hiyo na vinafaa kabisa, ilimradi midomo yake ilingane na hozi yako, ambayo kwa magari mengi ina kipenyo cha ndani cha inchi 3/8 au karibu na hapo. Kwa anayeendesha gari barabarani na kulipeleka uwanjani siku chache kwa mwaka, sioni sababu ya kutafuta zaidi.

Cha pili ni kipoza cha sahani zilizopangwa, ambacho mafuta hugawanyika kupita kwenye sahani nyingi bapa. Kwa ukubwa ule ule hupoza vizuri kuliko cha kwanza, na kwa gari la kuteleza au la mashindano marefu ningekiweka juu ya orodha bila kusita. Nimekishusha kwa sababu uchafu kutoka kwenye pampu iliyokufa hukwama ndani yake na hautoki kwa kuoshwa, na kwa sababu wauzaji hupenda kumuuzia mtu chenye sahani 19 mahali ambapo 6 au 10 zingetosha.

Cha tatu ni kitanzi cha bomba cha kiwandani, lile bomba lililopinda linalopita mbele ya rejeta, ambalo matoleo yenye nguvu zaidi ya baadhi ya magari huwa nalo na matoleo ya kawaida hayana. Hukaa kwenye matundu yaliyokwisha kutobolewa, hakihitaji mabano ya kubuni, na upotevu wa shinikizo karibu haupo. Hata hivyo, eneo lake la kutolea joto ni dogo. Ukikinunua kikiwa kimetumika, kipitishe mafuta mapya kabla ya kukifunga.

Cha nne ni bomba nene la alumini lenye mapezi ya mviringo, la kufungwa ubavuni mwa fremu. Lichukue tu ikiwa mbele ya rejeta hakuna nafasi, na ulielekeze mahali penye upepo wa kweli.

Mapezi ya kubana juu ya hozi ya mpira usiyanunue. Mpira huzuia joto kupita, hivyo mapezi yaliyo nje yake hayalipati joto la kulitoa.

Pesa utakayoibakiza kwenye kipoza itumie kwenye hozi. Ninasisitiza hili kuliko mpangilio wote hapo juu, kwa kuwa hozi ya maji ya rejeta, hata ikionekana nene na imara, hulainika na kuvimba ikiguswa na mafuta haya, kisha huchomoka yakiwa na moto. Nunua hozi iliyoandikwa ubavuni kwamba ni ya mafuta ya usukani au ya gia boksi ya otomatiki, pamoja na klipu zisizokata mpira. Kifunge kipoza kwa mabano, wala usikubali zile nyuzi za plastiki zinazopenya kwenye mapezi ya rejeta, kwani mtikisiko huzigeuza msumeno.

Mafuta mapya yawe ya aina iliyoandikwa kwenye mfuniko wa chupa. Mfumo unaotaka CHF 11S, mafuta maalumu ya haidroliki, usiwekewe Dexron, ambayo ni mafuta ya gia boksi ya otomatiki, na viwili hivyo visichanganywe. Ukishajaza, nyanyua magurudumu ya mbele, acha injini ikiwa imezimwa, na uzungushe usukani taratibu kutoka mwisho hadi mwisho mara 20 hivi huku ukiongeza mafuta, hadi viputo viishe kwenye chupa. Ndipo uwashe injini. Yakiwa baridi, mafuta yaishie kwenye alama ya baridi na yasipite hapo, maana yakipata moto hupanuka na kutafuta njia ya kutokea kwenye mfuniko.