Swichi ya porti 8 na kipaumbele cha sauti: uzoefu wangu

Niliitafuta swichi hii kwa sababu moja: simu za ofisini zilikuwa zinakata sauti kila bakapu ya seva inapoanza. Ni swichi ndogo ya mtandao, ya gigabiti, porti 8, unaisanidi kwa kivinjari. Nimeitumia vya kutosha kuweza kuisifia na kuilalamikia.

Sifa zake zinaanzia kwenye foleni. Kila porti ina foleni 4 za kutoka (mistari ambamo pakiti, yaani vipande vya data, husubiri kutumwa), na inakubali mchanganyiko: foleni ya 4 unaipa kipaumbele kamili, ikiwa na pakiti inahudumiwa kabla ya zote, halafu tatu zilizobaki zinagawana kwa uzito. Swichi niliyokuwa nayo kabla ya hii ilinilazimisha kuchagua. Ukiweka kipaumbele kamili kote, foleni ya chini inaweza isipate zamu kabisa. Ukiweka uzito kote, sauti inapanga mstari pamoja na mafaili. Na sauti haihitaji kasi kubwa. Simu moja ya G.711 (njia ya kugeuza sauti kuwa data) kwa kawaida hutuma pakiti 50 kwa sekunde, haifiki hata kilobiti 100 kwa sekunde kila upande. Kinachoiumiza ni kusubiri nyuma ya rundo la pakiti za baiti 1,500.

Kazi yenyewe iko kwenye ukurasa wa uaminifu wa porti, na hapa ndipo ninapowasihi mnaoinunua mtulie. Kila porti ina chaguo tatu kuhusu alama za kipaumbele zinazokuja na pakiti: usiamini, amini 802.1p (namba ya kipaumbele kwenye lebo ya VLAN), au amini DSCP (namba ya kipaumbele ndani ya kichwa cha pakiti ya IP). Kutoka kiwandani porti zote zinaamini DSCP, jambo ambalo silikubali hata kidogo, maana programu yoyote kwenye kompyuta yoyote inaweza kujiandikia 46, alama ya DSCP ya sauti, ikapita mbele ya simu. Porti za kompyuta na printa nimeziweka zisiamini. Porti ya simu iliyo peke yake inaamini DSCP. Ile ambayo simu imeunganishiwa kompyuta kwa nyuma nimeipa 802.1p: simu inatuma pakiti zenye lebo ya VLAN ya sauti (mtandao uliotengwa kwa ajili ya simu ndani ya swichi ileile) na kipaumbele 5, za kompyuta zinakuja bila lebo, basi zinapewa 0 ya porti. Porti inayokwenda kwenye ruta inaamini DSCP.

Angalieni pia jedwali la foleni. Alama 46 inatoka kiwandani ikiwa foleni ya 3, ambayo si ile ya kipaumbele kamili. Niliihamishia ya 4. Bakapu nimeipa 802.1p namba 1, kwani kwa kawaida ya kiwango hicho 1 iko chini ya 0.

Kupima, nilizisukuma kompyuta mbili zitume mafaili kwa pamoja kupitia porti moja ya gigabiti, huku simu ikiendelea. Bila msongamano huoni tofauti yoyote, kwa hiyo lazima uutengeneze. Kipaumbele kikiwa kimezimwa, ukurasa wa hali wa simu ulionyesha pakiti za sauti zikipotea. Nilipokiwasha hesabu ya zinazopotea ilisimama palepale na sauti ikanyooka.

Malalamiko yangu makubwa ni takwimu. Swichi inahesabu pakiti za porti nzima, si za kila foleni, kwa hiyo kuhakikisha kwamba 46 inatoka ikiwa salama nililazimika kuakisi porti (kunakili pakiti zake kwenda porti nyingine) na kunasa pakiti. Kwa kifaa kinachojinadi kwa vipaumbele, hilo ni pengo kubwa. Jingine ni kusevu: ukibonyeza "tekeleza" mipangilio inafanya kazi papo hapo, lakini usipoenda ukurasa mwingine kuisevu, umeme ukikatika imepotea.

Nyota 4 kati ya 5. Kama sauti inakatika kwenye laini ya intaneti yenyewe, swichi hii haitakusaidia. Hapo foleni inajaa kwenye ruta, na ndiyo inayotakiwa kupangiwa vipaumbele.