ProQOL: fomu ya maswali 30 kwa anayejifunza unasihi

ProQOL (Professional Quality of Life) ni fomu ya kujipima jinsi kazi ya kusaidia watu inavyokugusa, kwa raha na kwa uchungu. Nianze na bei, maana ndiyo swali la kwanza la mwanafunzi: ni bure. Hojaji ya Maslach ya kupima uchovu wa kazini, ambayo walimu huitaja sana, inauzwa. ProQOL unaipakua, unaichapisha saiba, umemaliza. Masharti yake ni mepesi: umtaje aliyeitunga, usiibadilishe, usiiuze.

Aliyeitunga ni Beth Hudnall Stamm, mwanasaikolojia wa Marekani, akiendeleza kazi iliyoanzwa na Charles Figley kuhusu watu wanaoumia kwa kusikiliza maumivu ya wenzao. Mimi natumia toleo la 5. Kuna kauli 30, na kila moja unaipa alama kuanzia 1 hadi 5 kwa kuangalia siku 30 zilizopita. Halafu unajumlisha mafungu matatu ya kauli kumi kumi: raha unayoipata katika kusaidia, uchovu wa kazi, na kiwewe cha kuambukizwa, yaani kile kinachokuingia kwa kusikia ya wengine. Kila fungu likifika 22 au chini ya hapo, ni kidogo. 42 kwenda juu ni kikubwa. Katikati ni wastani.

Mafungu hayo mawili ya mwisho ndiyo yaliyonifanya niipende. Niko Mombasa, na mazoezi yangu ya kazi ni kwa waraibu wa unga na jamaa zao. Waraibu wenyewe hawanishindi. Wanaonimaliza ni kina mama. Mama anakaa mbele yako, anakunja pembe ya leso, anaikunjua, anaikunja tena, na anakusimulia kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za sokoni. Ukifika nyumbani bado unaiona ile pembe ya leso.

Sasa swali la 5 linauliza kama unashtuka kwa sauti za ghafla. Nililijaza nikiwa Likoni nikisubiri feri, na ikabidi nicheke, kwa sababu nyumbani tayari ilikuwa mzaha: wifi yangu alikuwa akitaka kuweka sufuria chini ananiomba radhi kwanza. Nilipojumlisha, uchovu ulikuwa wa wastani, raha ya kusaidia iko juu, na kiwewe kimepanda kuliko nilivyotarajia. Msimamizi wangu aliitazama ile karatasi akasema, "Mwanangu, wewe hujachoka. Umejaa."

Hiyo tofauti ni kubwa kuliko inavyosikika. Aliyechoka mpe mapumziko, mpunguzie kazi, atarudi. Aliyejaa ukimpa likizo umempa tu nafasi ya kuwafikiria wateja wake bila kukatizwa. Tulichofanya ni kupanga upya miadi ili mazungumzo mazito mawili yasifuatane, nikarudi kwa mnasihi wangu mwenyewe, ambaye nilikuwa nimemwacha kwa sababu ya pesa, na kati ya mteja na mteja nikawa natumia zoezi ninalowafundisha wao: nyayo sakafuni, vitu vitano unavyoviona, vinne unavyovigusa, vitatu unavyovisikia, hivyo hivyo hadi unarudi chumbani ulipo. Wanafunzi wengi tunalifundisha vizuri sana na hatulifanyi.

Kasoro zipo. Kauli tano, yaani ya 1, 4, 15, 17 na 29, hugeuzwa alama kabla ya kujumlishwa: 5 inakuwa 1, 4 inakuwa 2. Ukipitiwa hapo, mtu mzima mwenye furaha zake utamkuta amefilisika roho kwenye karatasi. Mwenzetu mmoja yalimkuta hayo na akaanza kuaga darasa.

Halafu ziangalie zenyewe. Ya 15 inauliza kama una imani inayokutegemeza. Hapa kwetu nani ataandika 1? Ya 29 inauliza kama wewe ni mtu wa kujali sana wengine. Umemuuliza mwanafunzi wa unasihi! Zote mbili tunazipa 5 bila kufikiri, zikigeuzwa zinashusha hesabu ya uchovu, na mtu aliye hoi anaonekana wa wastani. Kwa hiyo fungu la uchovu mimi silisadiki sana likiwa chini. Likiwa juu, nalisadiki.

Tena fomu inamwona kila msaidizi kuwa ni mwajiriwa. Haijui kwamba kuna mtu anafanya kazi hii bila kulipwa, analipa karo, analipa saa zake mwenyewe za unasihi, na siku nyingine mchana wake ni mahamri mawili aliyobeba kutoka nyumbani. Haiulizi nauli wala kama umekula. Mimi hayo nayaandika kwa kalamu nyuma ya karatasi, na mara nyingi ndiyo tunayoishia kuyazungumza.

Si kipimo cha ugonjwa, na maelezo yake yenyewe yanasema hivyo. Na usikubali igeuzwe kuwa fomu ya kukabidhi ofisini. Chuo kikiikusanya, watu watajaza wanavyotaka kuonekana, na ninayesema hivi ningekuwa wa kwanza. Iwe yako na msimamizi wako, basi.

Nyota nne kati ya tano, kwa aliyekwisha kuanza kukaa na wateja. Wa mwaka wa kwanza ambaye bado yuko na vitabu aiache kwanza, haitamwambia kitu. Na kiwewe kikitoka 42 au zaidi, usiijaze tena kesho ukitumaini kitashuka. Mpigie simu msimamizi siku hiyo hiyo. Jambo dogo la mwisho: mwambie kijana wa saiba achapishe na kurasa za kujumlishia, maana wengi hukupa ule ukurasa wa maswali tu, na bila hizo hutajua cha kugeuza.