Msambamba au vijenzi?
Wanafunzi wangu wa kidato cha sita hapa Chake Chake huniuliza ni njia ipi iliyo bora ya kujumlisha nguvu za Coulomb, yaani nguvu ambazo chaji za umeme husukumana au kuvutana kwazo: msambamba, ambao nguvu mbili huwa pande zake na jumla huwa ulalo wake, au vijenzi, yaani kila nguvu kugawanywa katika sehemu mbili, moja kwa kila mhimili. Chaji tatu za mikrokulombi 2 zikiwekwa kwenye vipeo vya pembetatu yenye pande za sentimita 30, kila jozi husukumana kwa nyutoni 0.4, na msambamba, kwa pembe ya nyuzi 60, huipatia kila chaji jumla ya nyutoni 0.69 kwa mstari mmoja wa hesabu. Vijenzi hufika hapo hapo kwa kazi ndefu zaidi. Hata hivyo, ikiongezwa chaji ya nne, msambamba hauna budi kurudiwa, ilhali vijenzi hujumlishwa tu kwenye mihimili miwili. Mimi nachagua vijenzi, mradi alama ya kutoa ya kila kijenzi kinachoelekea upande hasi wa mhimili iandikwe mapema.