Kamera ya filamu ya akiba: ipi ununue kati ya hizi za otofokasi (zinazolenga zenyewe)

Bodi ya akiba, yaani kamera ya pili isiyo na lenzi, ina kazi moja. Ile unayoitegemea ikizima katikati ya harusi, ung'oe lenzi, uipachike kwenye ya pili, uendelee. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, tazama lenzi ulizonazo. Jambo la pili, ambalo wauzaji hawaligusi, ni betri. Kamera hizi bila umeme hazipigi hata picha moja. AA, betri ndogo ya kawaida, unaipata duka lolote la mtaani. CR2, betri ya lithiamu ya kamera, utaihangaikia hata mjini.

Kwa mizani hiyo, namba moja ni Nikon F90X ya 1994. Inatumia AA 4, shata (pazia linalofunguka kupitisha mwanga) inafika kasi ya sekunde 1/8000, na flashi inaoana nayo hadi 1/250. Ninachoipendea zaidi ni kwamba inapima mwanga hata kwa lenzi za AI, za zamani za Nikon za kulenga kwa mkono, zile ambazo mwenye kamera ya Nikon FM2 anazo tayari. Lenzi za G, zisizo na pete ya kubadilishia tundu la mwanga, zitakubali P (kamera inachagua yote) na S (wewe unachagua kasi ya shata) tu, na VR, kizuia mtikisiko cha lenzi, haitafanya kazi. Usishtuke ukikuta mlango wa nyuma unanata. Raba iliyopakwa juu yake huoza kwa umri. Chukua kitambaa na spiriti kidogo, sugua taratibu mpaka ibaki plastiki tupu. Na huko kunata kutumie kushushia bei.

Namba mbili ni Canon EOS 300 ya 1999, kwa mwenye lenzi za EF, za otofokasi za Canon. Ni nyepesi, na mara nyingi bei yake haizidi ya roli chache za filamu ya rangi. Ukiweka filamu, inaivuta yote nje kwanza, kisha kila picha unayopiga inarudishwa ndani ya kopo huku hesabu ikishuka. Mlango ukifunguka kwa bahati mbaya, picha nyingi ulizokwisha kupiga zimesalimika. Betri zake ni CR2 mbili, kwa hiyo tafuta inayouzwa pamoja na kishikio cha BP-200, kinachopokea AA. Lenzi za EF-S, za kamera za dijitali za Canon zenye kihisi kidogo, hazifai humu.

Nikon F80 ya 2000 naiweka ya tatu, ingawa mwenye lenzi za G na VR aitangulize, maana inazitumia zote kikamilifu. Inataka betri mbili za lithiamu za CR123A, au AA kupitia kishikio cha MB-16. Ukiipa lenzi ya kulenga kwa mkono, haipimi mwanga kabisa.

Minolta 7000 ya 1985 ni ya asiye na lenzi yoyote, kwani zake ni nzuri na bei yake ni ya chini. Kagua kioo cha tarakimu: doa jeusi likishaanza huzidi kuenea.

Ninazokuomba uziepuke mpaka uzione kwa macho ni Canon EOS 650 na 620 za 1987. Kipande laini kinachopokea mapazia ya shata huyeyuka na kuyapaka uchafu mweusi kama lami. Fungua mlango wa nyuma, piga mara kadhaa bila filamu, kisha chunguza mapazia kwa tochi. Ukiona alama inayong'aa, rudisha. Muuzaji wa mtandaoni mwombe picha ya mapazia hayo kabla hujatuma pesa. Akikataa, tafuta mwingine.